Uji wa Saa Nne

Mwalimu mkuu Ochoki alinipigia simu Jumatatu akasema anataka sahihi yangu tu. Sahihi tu! Kana kwamba sahihi yangu ni chumvi ya kunyunyiziwa chochote kilichokwisha kupikwa. Bodi ya shule ingekutana Alhamisi, na ajenda ilikuwa moja: kumrudisha nyumbani Sharon, msichana wa miaka kumi na miwili asiyesema, kwa sababu anauma watu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyewafunza walimu wake, nilitakiwa niandike kwamba mbinu zote zimejaribiwa na zote zimeshindwa.

"Madam Celestine, hiyo mtoto imetushinda," alisema. "Na mafunzo yako tumefuata yote. Rekodi iko."

Nieleze kazi yangu kabla sijaendelea kukasirika. Nazunguka Kisii na Nyamira nikiwafunza walimu na wazazi wa watoto wenye ulemavu kwamba mtoto anayepiga, anayeuma au anayejigonga kichwa ukutani ana jambo anasema. Kiboko hakimfunzi lolote ila kuogopa kiboko. Ukitaka tabia ibadilike, tafuta kwanza kinachoileta. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Nimeitwa mtetezi wa watundu, na mzee mmoja kule Nyacheki aliwahi kuniuliza mbele ya kanisa zima kama nina watoto wangu mwenyewe. Ninao watatu, na hakuna aliyenipa kazi ngumu kama walimu wakuu.

Sharon nilikuwa nimemwona Februari, nilipotembelea yuniti yao kabla ya semina. Yuniti ndivyo tunavyoliita darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida. Wakati huo alikuwa akipiga kelele, akivuta watu nywele, akitoroka darasani, mambo ninayoyaona kila wiki kwa watoto wenye usonji. Lakini alikuwa hajamuuma mtu. Kuuma kulianza baada ya mimi kuwafunza walimu wake, na hilo lilinichoma tangu Jumatatu hadi Alhamisi.

Tena nilijua akirudishwa nyumbani nini kitafuata. Yuniti nyingine iko mbali, na hakuna mtu wa boda boda atakayembeba mtoto aliyekwishapata sifa ya kuuma. Mama yake huchuma majani chai kwenye mashamba ya watu tangu alfajiri, na baba aliondoka zamani. Sharon angefungiwa ndani mchana kutwa. Nimewahi kuwafungulia milango watoto waliofungiwa hivyo, na harufu ya vyumba vile haijanitoka.

Alhamisi niliondoka kwangu Nyanchwa na mapema, na saa tatu nilikuwa Nyansiongo ofisini kwa Ochoki. Alinimiminia chai, akaniuliza habari za barabara, akanisifu jinsi semina yangu ilivyowafungua walimu macho. Alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sote wawili tulijua. Kisha akasukuma faili mbele yangu na kalamu juu yake.

Ndani mlikuwa na fomu zangu mwenyewe. Fomu hiyo ina safu tatu: kabla, tabia, baada. Kabla ya mtoto kufanya jambo kulitokea nini? Alifanya nini? Baada ya hapo kikafuata nini? Mwalimu akiijaza vizuri, wiki mbili tu zinatosha kukuonyesha mtoto anasema nini. Hizi zilikuwa fomu za wiki saba, matukio thelathini na moja. Safu ya katikati ilikuwa imejaa: ameuma mkono, ameuma bega, ameuma tena. Safu ya mwisho: ametolewa nje. Na safu ya kwanza, ile ambayo kazi yote inaitegemea, ilikuwa na maneno mawili tu kuanzia fomu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna sababu. Hakuna sababu. Hakuna sababu.

Nilianza kufura. Nikafunua tena, safari hii nikitazama saa tu. Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na dakika nane.

"Mwalimu, saa nne hapa kuna nini?"

"Saa nne? Hakuna kitu. Ni mapumziko, watoto wanakunywa uji."

"Na mara thelathini na moja mtoto anauma saa hiyo hiyo, hamkushangaa?"

"Tushangae nini, Madam? Huyo ni mtoto mgonjwa."

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki dakika tatu. Niliacha chai yake hapo mezani nikatoka, naye akanifuata akiniambia kwamba wanabodi wanafika saa nne na nusu na hawapendi kungojeshwa.

Mwalimu wa yuniti anaitwa Lynette, msichana kutoka upande wa ziwani, mwenye bidii kuliko walimu wote niliowahi kuwafunza. Kwenye semina alikaa mbele, akaandika kila neno. Cheti chake alikuwa amekitundika ukutani, na kando ya cheti karatasi kubwa ya manila yenye herufi nyekundu: TUZO SI LAZIMA INUNULIWE. TUMIA ULICHO NACHO. Niliyatambua maneno hayo. Yalikuwa yangu.

Mpishi aliingia na ndoo ya uji. Watoto tisa walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Lynette akasimama, akatabasamu, akapaza sauti.

"Nani ametulia leo? Mogire ametulia! Mogire, njoo uchukue tuzo yako."

Wakampigia makofi. Mogire akachukua kikombe. Akaitwa mwingine, wakampigia makofi, na mwingine. Sharon alikuwa mwisho wa mkeka. Alikuwa amekonda tangu Februari hata nikadhani ni mtoto mwingine. Alikuwa akiyumba mbele na nyuma, akiguna, macho yakifuata kila kikombe kutoka kwenye ndoo hadi mdomoni mwa mwenzake.

"Sharon bado hajatulia," Lynette alisema kwa upole, kama nilivyomfunza. "Tutamngojea."

Uji ukazunguka, ukampita. Sharon akasimama, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha jirani. Msaidizi wa darasa akamshika mikono kwa nyuma. Sharon akageuka akamuuma. Akatolewa nje akilia, na Lynette, machozi yakimlenga, akachukua fomu na kalamu. Nilisogea nikasoma alichokuwa anaandika. Hakuna sababu.

"Lynette!" Sauti yangu iliwashtua hata watoto, na najuta kwa hilo, lakini si sana. "Huyu mtoto hajanywa uji tangu lini?"

"Hajakuwa akitulia, Madam."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu tutoke semina. Alipata siku mbili hivi, ama tatu."

"Wiki saba! Anatoka nyumbani alfajiri, anakaa hapa anawatazama wenzake wakinywa, halafu akinyoosha mkono mnamkamata, halafu mnaandika hakuna sababu?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. "Lakini Madam, si wewe ulisema tutumie chenye tuko nacho? Hatuna stika. Hatuna midoli. Tuko na uji."

Nilimgeukia mpishi, nikamwambia amletee Sharon kikombe mara moja. Mpishi akainamisha ndoo nione ndani. "Imeisha, Madam. Ni wanane wanakunywa. Nimezoea kupika ya wanane."

Nilimwamuru arudi jikoni awashe moto, apike mwingine, na nisitoke kikaoni nikakuta haujaiva. Kisha Ochoki akanishika kiwiko, kwa sababu wanabodi walikuwa wameshafika.

Niseme ukweli sasa, maana mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ya pili ya semina, mwalimu mmoja aliuliza watapata wapi pesa za kununulia zawadi. Nilimjibu nikiwa nimesimama, kwa sababu chakula kilikuwa kimefika na watu wamekwishaanza kufunga daftari. Nikasema yale maneno ya manila, wakacheka, tukaenda kula. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mambo yasiyoguswa. Chakula, maji, choo na mapumziko si tuzo, ni haki ya mtoto, awe ametulia au ametuvunjia madirisha. Ukurasa huo ulikuwa wa alasiri. Alasiri ikanyesha ile mvua yetu, ikapiga mabati hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Nikainua karatasi juu, nikawaonyesha, nikapiga kelele: "Hii mtasoma nyumbani!" Nani husoma karatasi za semina nyumbani? Tunafungia mandazi. Nilijua hivyo, na bado nikaendelea na ukurasa mwingine.

Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Lynette, ambaye Kikisii bado kinampiga chenga. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bosire, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wa maziwa na maneno mengi. Mama Sharon alikaa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa nguo zake za Sabato, mikono imepasuka kwa majani chai.

"Mtaalamu atatia sahihi, tumalize," alisema Bosire.

"Sitii," nikasema.

Nikawaeleza. Nikawasomea zile saa, moja baada ya nyingine. Mmoja wa wanabodi akasema kwamba hata hivyo kuuma ni kuuma, na hapo nikashindwa kujizuia.

"Mwenye njaa hana miiko! Mzee Bosire, na heshima zangu, wewe ukinyimwa obokima, ugali wako, wiki saba huku sisi tunakula mbele yako, si tutakufunga kamba?"

Watu wakacheka. Bosire mwenyewe akacheka. Ochoki hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, na nikaona mahali alipokuwa akielekea kabla hajafika.

"Sasa Madam," akasema taratibu, "unataka kutuambia kwamba ulitufunza vibaya?"

"Ndiyo. Nilifunza vibaya."

Karani akainua kalamu, hajui kama aandike.

"Andika," nikamwambia. "Andika na jina langu lote: Celestine Nyangate aliruka ukurasa. Na andika pia kwamba shule nzima ilimwona mtoto akikonda, ikajaza fomu."

Uso wa Ochoki ulinawiri. Lawama ilikuwa imepata mwenyewe, na hakuyasikia yale ya mwisho. Baada ya hapo mambo yakaenda haraka hadi nikachukia zaidi. Sharon atabaki shuleni. Uji ni wa watoto wote, kila siku, aliyetulia na asiyetulia. Faili litafungwa. Dakika kumi tu! Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni mtu wa kubebeshwa. Lynette alikuwa akilia kimya kimya, na hakuna aliyemtazama.

Bosire alitaka tufunge kwa maombi, lakini kwanza akamwomba mzazi aseme neno. Mama Sharon akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Mbuya mono," alianza kwa Kikisii. "Nashukuru mwalimu, nashukuru mtaalamu. Mimi hii masomo imenisaidia. Zamani nilikuwa nampiga, kweli, nilikuwa nampiga sana. Sasa sipigi. Mwalimu Lynette alinifunza vile inafanywa, na hata nyumbani nafanya hivyo hivyo. Jioni simpi chakula mpaka atulie. Siku zingine anatulia, anakula. Siku zingine analala hivyo tu. Lakini sijampiga hata siku moja."

Akanitazama. Alikuwa anangoja nimsifu, kama wale walimu wanavyongoja siku ya kutoa vyeti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilimtafuta, nikamkosa. Nilikumbuka tu ile karatasi niliyoiinua juu chini ya mvua.

Sikungoja maombi. Nilimshika mama mkono, tukaenda naye yuniti, Lynette akitufuata. Uji ulikuwa umeiva. Nilijaza kikombe, nikapuliza, nikapiga magoti mbele ya Sharon, aliyekuwa amerudishwa mkekani, nikampa.

Hakukichukua. Alianza kuyumba, kisha akajizuia. Aliingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake, akavikalia, akauma midomo yake mwenyewe ili asigune. Mwili wote ulimtetemeka kwa kazi ya kukaa kimya. Kikombe hakukiangalia kabisa. Alikuwa anamwangalia Lynette usoni, anangoja neno.

"Chukua, Sharon," nikamwambia. "Ni wako. Chukua tu."

Nyuma yangu mama yake alianza kupiga makofi, polepole, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

"Umeona, Madam? Ametulia. Sasa mpatie."