Mahame Yaliyofagiliwa

Mwaka ule mikorosho ilipigwa na ubwiri, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na Asmaa wa Nambilanje akajua mapema kuliko mumewe kwamba hawatafika mavuno salama. Alilijulia jambo hilo dukani kwa Dickson. Zamani Dickson aliandika bei kwenye kipande cha boksi na kukitundika mlangoni. Sasa aliacha. Ukimuuliza unga, alikutazama kwanza usoni, kisha akataja bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Mafuta ya kula aliyapima kwenye vifuko vidogo vya nailoni, na vifuko vyenyewe vilizidi kupungua. Sabuni ya mche ilikatwa vipande vyembamba hata ukiinua kimoja juani unaona mwanga. Sukari Asmaa aliacha kuiuliza.

Nyumbani walikuwa yeye, mumewe Rashidy, watoto watatu ambao mkubwa wao ni Yasmini, na mama mzazi wa Rashidy, kikongwe mwembamba asiye na maneno mengi aliyeitwa Binti Shaban. Rashidy alikwenda Mbekenyera kutafuta vibarua vya kusafisha mashamba. Asmaa akabaki kuibana nyumba. Alifuta chai ya asubuhi. Vyombo aliviosha kwa majivu. Ugali aliupakua wote kwa watu, yeye mwenyewe akakaa jikoni na kukwangua ukoko chunguni. Hakumlalamikia mtu.

Asubuhi moja Binti Shaban alifunga khanga zake kwenye kifurushi, akasema anakwenda Naipingo kwa bintiye Ashura, akae huko mpaka mvua zishike. Dereva wa bodaboda alimpakia, na Asmaa akasimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia. Mchana ule alipika, wakala, na ugali ukabaki kidogo. Asmaa aliutazama ule ugali uliobaki, akaona haya kwa jinsi moyo ulivyomwepesika.

Unga ulipozidi kupaa, aliingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya mwituni ambavyo watu wa kusini huvichemsha wakati chakula kikiwa haba. Lakini kila mwanamke wa kijiji alikuwa na wazo hilohilo, na pori la karibu likabaki mashimo matupu. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Minza, mama wa Shija, jirani ambaye watu wake walikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa miaka michache tu nyuma. Minza hakuwa anaijua ming'oko mpaka Asmaa alipomwonjesha. Tangu hapo walibadilishana, huyu anatoa maziwa, huyu anatoa viazi, na duka la Dickson wakalipita kwa mbali.

"Ng'ambo ya korongo, kule ng'ombe wetu wanakopita, mashina ni mengi," Minza alisema siku moja. "Hakuna anayeyagusa."

"Kule ni mahame, mama Shija."

"Mahame ndiyo nini?"

"Ni kijiji kilichohamwa. Wazee wetu walitolewa kule wakaletwa barabarani. Waliacha nyumba, wakaacha na makaburi. Mtu hachimbi pale bila kubisha hodi."

"Basi tutabisha," Minza akasema.

Walikwenda jua likiwa limeshapanda. Nyumba hazikuwepo tena. Palikuwa na vichuguu, mikorosho mizee iliyolala chini, na vigae vya vyungu vilivyotokeza mchangani. Asmaa alipiga makofi mara chache, akasema hodi. Pori lilikuwa kimya. Walichimba karibu na korongo, na kweli viazi vilikuwepo. Minza akasogea mbele kidogo kutafuta shina jingine, kisha akaita kwa sauti ya kunong'ona.

"Mama Yasmini, njoo uone."

Katikati ya majani marefu palikuwa na uwanja, mweupe, uliofagiliwa. Alama za ufagio zilionekana mchangani kama nywele zilizochanwa. Katikati kulikuwa na mafiga matatu bila jivu, na mbele yake kigae cha chungu. Nyumba haikuwepo. Hatua chache mbele kulikuwa na uwanja mwingine, nao umefagiliwa, nao una kigae mahali ambapo mlango ungekuwa.

Ndipo waliposikia mtu akizungumza. Alisema maneno machache kwa Kimwera, akanyamaza, kama anayesikiliza jibu. Kisha akacheka taratibu, akaendelea. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na haikuwa mbali. Sauti ya pili haikusikika, lakini mazungumzo yalikwenda vizuri, kwa zamu.

Waliondoka bila kukimbia, kwa sababu wote wawili waliogopa kukimbia. Jembe walilisahau. Walipofika kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji ndipo Asmaa alipopata pumzi ya kusema.

"Kile kicheko nakijua."

Simu ya Minza ilikuwa na chaji. Asmaa alimpigia wifi yake Naipingo, wakasalimiana, akamwomba aongee na mama.

"Mama yupi?" Ashura aliuliza. "Mama si yuko kwenu? Huku hajafika."

Asmaa alimrudishia Minza simu, akakaa chini palepale. Watu wa Naipingo walidhani bibi yuko Nambilanje, na watu wa Nambilanje walidhani yuko Naipingo, na wiki zilikuwa zimepita hivyo, kila upande ukipumua kwa sababu kinywa kimoja kinalishwa kwingine.

Asubuhi iliyofuata walirudi wawili, Minza na kibuyu cha maziwa, Asmaa mikono mitupu. Walifuata nyua zilizofagiliwa, mmoja hadi mwingine. Kwenye ule wa mwisho, chini ya kibanda cha matawi, Binti Shaban alikuwa ameinama akimenya ming'oko. Alikuwa amekonda zaidi, lakini khanga yake ilikuwa safi na macho yake yalitulia.

"Shikamoo, mama," Asmaa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa. Wenzenu wameshakula."

Asmaa alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. "Akina nani, mama?"

Binti Shaban alionyesha kwa kidevu uwanja mmoja baada ya mwingine, akataja majina. Asmaa aliyajua baadhi kwa kusikia tu. Walikuwa majirani wa utotoni mwa mkwewe, wote wakiwa marehemu. "Kila asubuhi nafagia, nawawekea," alisema. "Hawali kingi."

Asmaa alikumbuka vigae walivyopita njiani. Vyote vilikuwa vitupu na vimelambwa. Alijiambia ni ngedere.

"Ashura anasema hukufika kwake."

"Ningefikaje? Naye ana watoto, na bei ya Naipingo ni hii hii ya kwenu. Nilimwambia yule kijana wa bodaboda anishushe kwenye daraja. Huku hakuna duka."

"Lakini nani alikwambia uondoke, mama? Mimi sikusema neno."

"Hukusema," Binti Shaban alijibu bila ukali. "Ulikula ukoko. Ukimwona mkwe wako anakula ukoko kila siku, unajua sahani yako ndiyo inayomla."

Asmaa alilia, akifuta uso kwa ncha ya khanga. Alimwomba arudi. Kikongwe alitikisa kichwa, akaendelea kumenya. Alimwomba tena, akamtaja Rashidy, akawataja watoto, na kisu hakikusimama. Minza akapiga goti na kuweka kibuyu cha maziwa mbele yake.

"Bibi, kwetu mzee akila porini peke yake, aibu ni ya kaya nzima. Mimi nina maziwa. Huyu ana mikono. Lakini hakuna kati yetu anayejua ming'oko iko wapi kama wewe. Tukikuacha huku, wenye njaa tutakuwa sisi."

Kisu kikasimama. Binti Shaban alimtazama mgeni yule, kisha akayanywa maziwa.

"Siwezi kuondoka bila kuaga," alisema.

Wakamfuata. Kwenye kila uwanja alipiga goti, akapiga makofi taratibu, akasema maneno ya Kimwera na kungoja. Kisha aliitikia kwa kichwa na kuinuka. Upepo haukuwepo. Mahali pengine alingoja kidogo tu, mahali pengine alingoja hata Asmaa akahisi jasho likimshuka mgongoni. Kwenye uwanja wa mwisho, karibu na korongo, Minza aligeuka upande wa majani, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama," kisha akashika njia ya kushoto.

Walipokwisha kuvuka, Asmaa alimuuliza, "Umemshukuru nani pale?"

"Yule mama aliyetuelekeza. Amesema tusipite kulia, kuna miiba."

"Mimi sikumsikia mtu. Amesema kwa lugha gani?"

Minza alisimama. Rangi ilimbadilika. "Kisukuma," akasema.

Binti Shaban, aliyekuwa ametangulia, hakugeuka. Alisema tu kwamba watu wale walikuwa na adabu siku zote, mgeni walimsemesha kwa lugha anayoielewa.

Rashidy alirudi kutoka Mbekenyera na unga kidogo na mikono iliyochubuka. Alipoelezwa, alikaa nje mpaka jua likazama, kisha akaingia na kulala karibu na mlango wa chumba cha mama yake, na akafanya hivyo kwa siku nyingi. Bei hazikushuka. Dickson aliendelea kutazama watu usoni kabla ya kutaja. Lakini Binti Shaban aliwaonyesha wanawake mabonde ambayo hawakuyajua, mbali na mahame, na ming'oko na maziwa ya Minza viliwavusha mpaka mvua.

Asmaa hakupakua tena kwenye sahani. Aliweka sinia moja katikati, ukoko na ugali pamoja, wote wakanawa na kuzunguka. Binti Shaban alikula polepole, akitazama mlangoni kila baada ya tonge, na hakuna aliyemuuliza anamngoja nani.