Mkono Usiojua Kupumzika

"Mama, nimesema pumzika!"

Sauti ya mpiga picha wa hospitali ilimfikia fundi cherehani ndani ya bomba la MRI, katikati ya kelele kama za vyerehani kumi vilivyokosa mafuta.

"Si nimepumzika, mwanangu?"

"Kichwa ndicho kimetulia. Vidole viko kazini."

Kweli. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimebana ukingo wa shuka, vinaukunja pindo. Baada ya miaka thelathini na moja ya kushona sare za shule, mkono wa kulia ulikuwa umejiajiri wenyewe.

Mpiga picha akamtoa nje, akavuta kiti. Picha ya kwanza, ya CT, ilikuwa imeonyesha uvimbe kichwani, mkubwa kama kifungo cha koti, kingo zimefifia kama chaki iliyopanguswa. Ya pili, ya MRI, ilionyesha ulipoishia. Lakini sehemu ya ubongo inayoendesha mkono ilikuwa wapi? Hapo zote mbili zilinyamaza, na daktari asingeshika kisu bila kujua. Ya tatu, hii iliyokuwa ikipigwa sasa kwenye mashine ileile ya MRI, ndiyo ingejibu, kwa kulinganisha mkono ukifanya kazi na mkono ukipumzika.

"Sasa nikilinganisha kazi na kazi, nitaona nini?"

"Mkono huu umelelewa vibaya, nisamehe."

Mpiga picha akacheka, kisha akafikiri. "Ukimaliza vazi unafanyaje?"

"Nakata uzi, naweka mkasi chini, nanyoosha mgongo."

"Basi tuachane na 'pumzika'. Nitasema 'shona', halafu 'kata uzi'."

Safari hii mkono ulielewa.

Kesho yake daktari aliziweka picha tatu sambamba kwenye skrini. Doa la mkono liliwaka pembeni mwa uvimbe.

"Hapo katikati pana nafasi kiasi gani?" fundi akauliza.

"Milimita nne."

"Mimi huacha sentimita nzima, na bado nguo zinabana."

"Nitaingilia upande wa pili, taratibu. Ila siwezi kukuahidi, mama."

"Usiahidi, daktari. Mafundi wanaoahidi nawajua, mimi mwenyewe ni mmoja wao."

Alipozinduka baada ya upasuaji, koo lilikuwa kavu, kichwa kimefungwa bandeji. Daktari alikuwa akiandika. Mpiga picha, ambaye hakuwa na kazi yoyote wodini, alisimama miguuni pa kitanda.

"Mama," akasema. "Shona."

Daktari akaacha kuandika.

Ukingo wa shuka ulikuwa pale, sentimita moja kutoka kidole gumba. Kikaanza kuutafuta.