Koti la Mama Kuku

...na nikifika tu nitamwambia pale pale mezani, kabla hata hajaagiza supu, Dacre-Holt, nitamwambia, kazi yako ifanye mwenyewe, koti hili livae wewe, panda wewe kwenye meli ya ngano iliyojaa kutu ukaongoze msafara wa meli za mizigo katikati ya Atlantiki na hayo makalio yako yaliyozoea kiti cha ngozi, maana mimi uliniambia nimepitwa na wakati, uliniambia mbele ya watu, wakacheka, sasa leo vita vina wiki moja tu na wakati umenikumbuka, eti tafadhali njoo tule chakula cha mchana tuzungumze, "Inua mkono, bwana mkubwa, huo wa kushoto," nainua, fundi Twyford ana pini mdomoni kama kawaida yake, anazungumzia upande mmoja wa midomo, amekuwa akinishonea tangu nikiwa luteni mwembamba, na sasa analizunguka tumbo langu na utepe wake wa kupimia bila kutaja namba kwa sauti, huyo ndiye mtu wa mwisho mwenye adabu katika Portsmouth nzima, huko chini barabarani wanajaza mchanga kwenye magunia, nasikia sepetu zinavyokwaruza, na mkewe Twyford yuko dirishani anabandika vipande vya karatasi kwenye vioo ili bomu likianguka visitukate nyuso, gundi inanuka unga uliochacha, na mimi nimesimama juu ya kigoda kama mtoto anayepimwa sare ya shule, admirali mstaafu, miaka sitini na moja, nautazama mkono wa koti langu mwenyewe ulionyofolewa tepe za cheo, palipokuwa na dhahabu kitambaa bado ni cheusi, pengine pote pamepauka, na hapo hapo pa heshima yangu itashonwa tepe moja nene, kwa sababu sisi wazee tukitaka kurudi baharini sharti turudi kwa cheo cha chini, komodoo wa akiba, nikutane na vijana niliowafundisha kushika usukani nianze mimi kuwapigia saluti, haya, sawa, hilo ningelimeza, wallahi ningelimeza, lakini lisitoke mkononi mwa Dacre-Holt.

Miaka mitano iliyopita, chumba cha mipango kule makao makuu ya jeshi la maji London, ramani ukuta mzima, nilisimama na fimbo yangu nikawaambia, vita vikija, Mjerumani hatatufuata kwenye manowari zetu kubwa, ana wazimu gani, atazifuata meli za mizigo, nyama na ngano na mafuta, tunahitaji meli ndogo za kusindikiza, ndogo, za bei rahisi, nyingi, tuanze kuzijenga sasa, na Dacre-Holt akagonga kiko chake kwenye kisahani, tk tk tk, akasema, "Kellaway, ndugu yangu, nyambizi zimekwisha, tuna chombo cha kuzisikia chini ya maji," nikamwuliza, na hicho chombo utakifunga kwenye nini, utakitundika mawinguni, na akageuka kuwatazama wenzake, hakunitazama mimi, akasema, "Mama Kuku anataka kila kifaranga kilale chini ya bawa," wakaangua kicheko, wanaume wazima, wenye nishani, na tangu siku hiyo nikawa Mama Kuku korido nzima, Mama Kuku anapita, fungeni vifaranga, hata mhudumu wa chai alikuwa anajizuia asicheke, mwaka uliofuata wakanistaafisha kwa hotuba nzuri, "Pumua kidogo, bwana, nione linavyokaa," napumua, linabana, lazima libane, nimekula miaka yangu yote ya kustaafu, na ubaya wenyewe ni kwamba hatukuwa tunakisia, tulishayaona kwa macho katika vita vile vya kwanza, nilikuwa na meli ndogo magharibi mwa Ireland, kila siku kazi yetu ilikuwa kuokota, kuokota watu wanaoteleza kwa mafuta mazito ukimshika mkono unabaki na mkono wako mwenyewe, na wakubwa wakati ule nao walisema vivyo hivyo, meli nyingi zikienda pamoja ni shabaha kubwa, acha kila moja ijiendee, zikajiendea, zikazama moja moja kama mtu anayehesabu kwa sauti, mpaka tulipokaribia kukosa mkate ndipo wakakubali misafara, na misafara ikafaulu, ikafaulu! halafu amani ikaja na watu wale wale wakasahau, wamesahau kwa muda usiotosha hata mtoto kukua akaoa, ujinga gani huu, ujinga wenye suruali iliyopigwa pasi, na leo asubuhi gazeti hili hapa, Ellen Garrow, meli ya makaa, ilikuwa ikirudi nyumbani peke yake bila msindikizaji, torpedo mbili, si niliwaambia, niliipiga meza ya kifungua kinywa kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, "Si niliwaambia! Winifred, si niliwaambia!", na mke wangu alinitazama, akachukua sahani yake yenye yai ambalo hajaligusa, akaenda nalo jikoni, hakurudi, ana kisirani kwa sababu ya safari yangu, jana kutwa nzima alikuwa na wimbo mmoja, Ambrose mapafu yako yanapiga filimbi, Ambrose utakufa kwa nimonia kabla Mjerumani hajakuona, na mimi sijamwambia kwamba siendi, sijamwambia kwamba navaa koti hili ili tu Dacre-Holt anione nimelivaa, anione nimetimia, afurahi, anyooshe mkono, halafu ndipo nimtemee maneno yangu yote, nilivue mbele ya wahudumu, niliweke juu ya sahani yake, nimeipanga hotuba hiyo miaka mitano, naijua kama sala, treni ni saa nne, fundi harakisha, "Ellen Garrow, bwana," anasema nini huyu, "Nini, Twyford?" na anazitoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye kifuko cha mkononi, sijawahi kumwona akizitoa pini mdomoni mbele ya mteja, "Ile meli ya makaa, Ellen Garrow. Mume wa binti yetu Ivy yumo. Len. Mchochea makaa."

Brashi ya gundi imenyamaza dirishani. "Wameokota mashua mbili," anasema, "ya tatu hawajaiona, na majina hawajatupa bado, Ivy yuko ofisi ya kampuni tangu alfajiri," na mkewe anasema bila kugeuka, "Albert, mwache mheshimiwa, ana treni," na yeye anasema, "Nauliza tu, mama, kuuliza si ugomvi, bwana amekaa na wakubwa, anajua," na ananitazama kutoka chini ya kigoda na kipande cha chaki mkononi, macho mekundu, kumbe yalikuwa mekundu tangu nilipoingia na mimi nilikuwa nalitazama koti, "Kwa nini walikuwa peke yao, bwana?" na jibu ninalo, Mungu wangu, jibu ninalo tayari lenye sura na aya, Dacre-Holt na kiko chake, chombo kisicho na pa kufungiwa, manowari kubwa za kupendezea gwaride, limefika mpaka kwenye meno, na halitoki, kwa sababu nimesikia lilivyo tamu, limekaa mdomoni kama peremende, na nimeisikia meza yangu ya asubuhi, pa! na vikombe, na sauti yangu, hiyo haikuwa sauti ya mtu mwenye uchungu, Ambrose, usijidanganye, ulifurahi, meli imezama nawe ukafurahi, uliipigia meza kama mtu aliyeshinda karata, miaka mitano umekuwa ukiingoja meli izame, yoyote ile, ili wakuombe radhi, na imezama, na humo ndani mlikuwa na mtu anayechochea makaa chini kabisa ambako ngazi ni ndefu, na Winifred hakuwa na kisirani cha safari yoyote, Winifred aliniona. "Hazikuwapo meli za kuwasindikiza," namwambia, "hazikutosha, Twyford. Hazikujengwa." "Na sasa zinatosha?" "Hata sasa hazitoshi." Anatikisa kichwa, hatafuti mtu wa kumlaumu, hicho ndicho kinachonichoma, nimemletea jina la Dacre-Holt kwenye ncha ya ulimi na hana haja nalo, anauliza jambo jingine, "Lakini wewe unakwenda nao? Meli ile ile yao, si manowari?" "Meli ile ile yao." "Basi angalau watamwona mtu," na mkewe, "Albert," na yeye, "Nimekwisha, nimekwisha," na hasira haijapungua hata chembe, nikimwona Dacre-Holt leo nitakivunja kile kiko, lakini nitamwona saa ngapi, Liverpool wanasema meli zinakusanyika tayari, na hotuba nzuri itamsindikiza nani, itaokota nani, nikishaitoa nitarudi nyumbani na treni ya jioni nikiwa na haki yangu mapajani, na msafara utaondoka na mtu mwingine, au bila mtu, nitume simu ya maandishi, siji kula leo, naelekea Liverpool, basi, maneno matano, miaka mitano yote imekwisha kwa maneno matano, nalia au ni hii gundi, "Nikuachie nafasi kwapani, bwana? Kwa sweta," "Acha ya sweta mbili," "Mbili utaonekana pipa," "Acha mbili, Twyford, huko ni baridi," na anainama, anachora mstari mweupe ubavuni mwangu, mstari unapinda, anaufuta kwa kidole anachora tena, nami nimeinua mikono yote miwili sijaambiwa niishushe, sepetu bado zinakwaruza huko chini, namwuliza, "Len nani?" na anasema, "Len Pascoe. Koti la harusi nilimshonea mwenyewe hapa hapa juu ya kigoda hiki, kifua kipana, kitambaa hakikutosha," Len Pascoe, Len Pascoe, nalirudia nisije nikalisahau, maana Winifred akiniuliza kabla sijaondoka nilikuwa nampigia meza nani, nitapaswa kumtajia.