Uzi wa Hạ Kwenye Lango la Mfereji

Mie shule niliigusa tu, nikatoka nikaenda kuchimba mitaro ya bustani. Kwa hiyo habari za uzi wa mjukuu wangu nakueleza nilivyoona. Usiporidhika kamuulize Hạ mwenyewe, yuko chuoni Cần Thơ, anapenda sana kuulizwa.

Mwaka ule chumvi ya bahari ilipanda mto Hàm Luông mapema, keki za wali za Tết, mwaka mpya wetu, bado zinaning'inia jikoni. Lango la mfereji wetu likafungwa chumvi isiingie, maji ya ndani yakakauka mpaka tope likapasuka. Na mwanangu Thắm, mama yake Hạ, ana miche ya doriani uwanja mzima. Doriani, bwana, ni mti wenye madeko. Ukiunyima maji unakufa. Ukiupa ya chumvi unakufa upesi zaidi, majani yanaungua kuanzia pembeni. Thắm alikuwa akishika jani moja moja, analigeuza, analiachia.

"Baba, leo wasipofungua nimekwisha."

Mwenye lango ni Lượng, tumekua pamoja tukiibiana bata. Yeye huchota maji ya mto kwa kifuu cha nazi, anaonja, anatema, anatoa hukumu. Asubuhi hiyo akaonja, akatema.

"Matamu! Nafungua."

"Ngoja kidogo, babu," Hạ akamwambia.

"Mjukuu, ulimi huu umeonja mto huu kabla mama yako hajazaliwa."

"Si ndio huo huo uliokunywa pombe ya mchele saa hizi?"

Watu ukingoni wakacheka, Lượng naye akacheka, lakini mkono hakuutoa kwenye usukani wa lango.

Hạ alikuwa amekuja na uzi wa kioo kutoka chuoni, mwembamba kama unywele, umenyooshwa kwenye fremu usipinde. Mwanga unapita ndani yake. Mahali pamoja wameuchora vidato vidogo vidogo, huvioni kwa macho, na hapo rangi moja ya mwanga inatoroka nje. Rangi gani? Inategemea uzi umelowa kwenye nini. Kwenye kompyuta yake unaona mstari una shimo, hapo ndipo rangi imepotea. Maji yakiwa na kitu kilichoyeyuka, shimo linakimbilia kushoto. Basi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mie, na Hạ alisema nimeelewa.

Akataka kwanza awaonyeshe watu. "Bibi, niletee maji ya mto kwenye ndoo."

Mke wangu Nhàn akaenda, akakawia, tukaanza kumsema, akarudi na ndoo. Hạ akatumbukiza uzi. Shimo likakimbia kushoto, mbio!

"Yana chumvi," Hạ akasema.

Lượng akachota tena mtoni, akaonja. "Chumvi ya nani? Ya jasho lako?"

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Thắm hakucheka. "Hạ, mwanangu, usiniulie miti kwa masomo."

Mtoto akawa mwekundu mpaka masikioni. Akainama kwenye ndoo, akaitazama sana.

"Bibi, mbona maji haya hayana tope hata chembe?"

"Si nimeyasafisha! Utumbukize chombo cha chuo kwenye tope, wakatucheke huko Cần Thơ?"

"Umeyasafisha na nini?"

"Na shabu, nini tena. Bonge zima, kwa heshima yako."

Nyumba zote za kwetu ndivyo zinavyofanya: maji ya mgeni yanakorogwa na shabu, tope linazama chini. Hạ akapiga kelele ya furaha. "Bibi! Shabu imeyeyuka humo, na uzi umeiona!"

Lượng akachovya kidole kwenye ndoo, akalamba, mdomo ukamkunjamana. "Ee, kweli. Inakamata ulimi."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Hạ akasuuza uzi, akaushusha mtoni. Juu juu shimo likakaa pale pale pa maji matamu. Lượng akavimba kifua. "Nilisemaje?"

"Umesema kweli, babu. Sasa twende chini, lango lako linanyonya kwa chini."

Akaushusha. Shimo likakimbia kushoto kuliko hata kwenye ndoo. Lượng akafunga chupa kwenye mwanzi, akaizamisha mpaka chini, akavuta kizibo kwa kamba, akaitoa, akaonja.

"Mama yangu! Supu!"

Maji ya chumvi ni mazito, yalikuwa yamelala chini ya matamu, yanasubiri mlango. Lượng akautoa mkono kwenye usukani. Tukakaa, tukala ndizi za kuchoma, maji ya mto yakipwa taratibu na kurudisha chumvi baharini, Hạ hatoi macho kwenye mstari, Thắm hatoi macho kwa Hạ. Shimo likaanza kurudi. Likasita. Likarudi tena, mpaka nyumbani kwake.

"Chini kutamu, babu! Fungua!"

Lượng akazungusha, nikamsaidia, mgongo ukalia, nani anajali. Maji yakaingia mferejini na povu, bata wakayakimbilia, watu wakayafuata kwa miguu ukingoni wakipiga sufuria, na Nhàn mbele yao wote, anajisifu kwamba bila shabu yake tusingeuamini uzi.

Nilipofika bustanini Thắm alikuwa ameshawasha pampu. Amesimama katikati ya miche, miguu kwenye tope jipya, anachota kwa kiganja anaonja, analia na kucheka.

"Matamu, Baba," akasema. "Matamu mpaka chini."