Joto la Mashine ya Nje

Kati ya dirisha la Mshonaji na dirisha la Mama Pacha palikuwa na kichochoro chembamba, kiasi kwamba watu wawili walioshiba vizuri wakikutana humo, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kwa miaka kumi na tisa wanawake hao walikuwa wakipitishiana vitu juu ya kichochoro hicho: mkasi, chumvi, pasi, chaja ya simu, na siku kitasa cha mlango wa Mama Pacha kilipogoma, hata mapacha wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakicheka kama wanabebwa kwenye bembea.

Sasa mapacha walikuwa wakubwa, na vyumba hivyo viwili vilikuwa vya wagonjwa. Upande huu alilala mume wa Mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwokaji kwa sababu alikaa miaka thelathini mbele ya tanuri la mikate. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na pumzi anaitafuta. Upande wa pili alilala mama yake Mama Pacha, ajuza aliyevunjika nyonga, ambaye tangu avunjike hakuwahi kuonekana popote ila pale dirishani. Wakamwita Bibi wa Dirishani, na yeye akalipenda jina.

Kila asubuhi Bibi ndiye aliyeanza. "Mwokaji, umo?"

"Nimo, Bibi. Na wewe je?"

"Mimi bado nawasumbua watu."

Maneno yale yale, siku nenda siku rudi, na ole wake aliyepita katikati yao na ndoo kabla hawajamaliza.

Kisha likaja lile joto. Si joto la kulalamikia halafu ukaendelea na shughuli zako. Lilikuwa joto la kuwatoa watu vitandani na kuwalaza sakafuni. Daktari alimpima Mwokaji, akakunja kifaa chake, akamwambia Mshonaji bila kuzunguka: "Mama, joto hili litammaliza. Mtafutie ubaridi." Binti yao aliyekuwa mji mwingine alipopigiwa simu hakuuliza mara mbili. Siku ya tatu gari lilishusha maboksi mawili mlangoni, moja refu na jembamba, jingine zito kama jiwe la kusagia. Kilikuwa kiyoyozi cha ukutani, kipande kimoja cha kukaa ndani na kingine cha kukaa nje.

Fundi alikuja Ijumaa asubuhi. Alikuwa mtu mkavu, penseli sikioni, anayegonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kuusikiliza. Ya ndani, alisema, itakaa hapa, juu ya mlango. Ya nje inaweza kukaa sehemu mbili.

"Pazuri zaidi ni juu ya paa," alisema. "Kule inapumua, haimuudhi mtu. Lakini mabomba ya shaba yaliyokuja kwenye boksi ni mita nne tu, na mpaka paani nahitaji kumi na moja. Madukani yameisha. Joto hili, kila mtu anafunga. Wameniambia Alhamisi ijayo."

"Na sehemu ya pili?"

"Hapa nje, pembeni mwa dirisha, juu ya kichochoro. Saa kumi jioni nimemaliza."

Mshonaji alimtazama mumewe. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, mdomo wazi, akihema kama aliyekimbizwa ilhali hajainuka tangu juzi.

"Hiyo ya nje kazi yake nini hasa?"

"Mama, mashine hii haitengenezi baridi, watu hudhani hivyo tu. Inachota joto la humu ndani na kulimwaga nje. Msimu wa baridi ukifika unaigeuza kwa rimoti, inachota nje inamwaga ndani. Inahamisha, basi."

"Na likimwagwa hapo kichochoroni?"

Fundi alilitazama dirisha la Mama Pacha, lilivyokuwa karibu. "Ongea na jirani yako kwanza," alisema. "Mimi natoboa ninapoambiwa nitoboe."

Tusije tukasema baadaye kwamba Mshonaji hakuelewa. Alielewa vizuri sana.

Alikwenda dirishani, akamwita Mama Pacha. Nyuma yake Bibi alionekana kitandani, anajipepea kwa kipande cha boksi. "Jirani," Mshonaji alisema, "fundi anataka kufunga mashine hapa. Itawapulizia kidogo upande wenu. Nimkatalie?"

Sasa hilo ni swali la namna gani? Mtu anakuuliza kama amkatalie, na wewe unamsikia mumewe nyuma yake anahema. Watu wa kichochoro kile hawakuwa na mazoea ya kumwambia jirani hapana usoni. Ukiombwa unatoa, kisha unabeba mzigo wako kimya. Mshonaji alilijua hilo kama anavyoijua cherehani yake, na ndiyo maana aliuliza hivyo alivyouliza.

"Weka, jirani," Mama Pacha alisema. "Nani asiyeijua hali ya Mzee? Weka tu."

Bibi naye akadakia kutoka kitandani: "Mwambie aweke. Huyo mwanamume akifa mimi nitaongea na nani?"

Wote wakacheka, na Fundi akachomeka drili yake.

Kazi ilikuwa safi. Alitoboa ukuta kwa kuliinamisha tundu kidogo upande wa nje ili maji yasirudi ndani, akafunga mabano ya chuma kwa bolti nene, akaivuta mashine ya nje kwa kamba na kuikalisha. Aliunga mabomba, akayafunika kwa sponji nyeusi, kisha akaunga pampu ya kuvuta hewa yote mabombani na kukaa nusu saa nzima akikitazama kipimo chake cha gesi. Mafundi wengine huiruka hatua hiyo, yeye hakuiruka. Saa kumi kasoro robo alibonyeza rimoti, na upepo baridi ukashuka taratibu juu ya kitanda cha Mwokaji.

"Funga dirisha na usilifungue, la sivyo utapoza mtaa," Fundi alisema akikusanya spana zake. "Nyuzi ishirini na nne zinatosha. Ukiishusha sana mashine inahangaika, na ikihangaika inamwaga joto zaidi nje. Mabomba yakifika nitakupigia, nije niihamishie paani."

Kesho yake Mwokaji alikutwa amelala, maana yake alikuwa amelala usingizi wa kweli na ikabidi aamshwe. Siku ya pili aliomba gazeti. Siku ya tatu aliomba suruali, kwa sababu, alisema, mwanamume hawezi kusoma habari za nchi akiwa amejifunga shuka. Mshonaji alimvalisha, akaenda jikoni, akalia kwa furaha huku ameshika sufuria tupu.

Kitu kimoja tu kilimkera Mwokaji. "Bibi hajanisalimia."

"Tumefunga dirisha, utamsikiaje?"

"Fungua kidogo."

"Fundi amekataza."

Lakini si lao peke yake lililofungwa. Dirisha la Mama Pacha nalo lilikuwa limefungwa, na kufikia Jumatatu lilikuwa limetundikwa blanketi kwa ndani. Mtaa mzima ulikuwa umeachama, milango wazi, madirisha wazi, watu wamekaa barazani na vitambaa vya maji shingoni, na nyumba moja imetundika blanketi dirishani. Mshonaji aliliona. Akajitia hamnazo. Alijiambia labda wanazuia vumbi, labda mapacha sasa ni wasichana wakubwa na wanataka faragha yao. Mtu akitaka kujidanganya, sababu hazimwishii.

Jumanne walikutana bombani. Mama Pacha alikuwa na vipele vya joto kuanzia shingoni hadi mabegani, na macho yamemwingia ndani.

"Bibi hajambo?"

"Yupo. Anamsalimu Mzee."

"Mashine haiwasumbui?"

"Hata kidogo. Mzee anaendeleaje?"

"Anakula sasa. Jana amemaliza sahani."

"Basi," Mama Pacha alisema, na kwa kweli alitabasamu, akajitwisha ndoo yake.

Jumatano joto lilipanda tena, na Mwokaji akasema chumba kimeanza kupungua ubaridi. Mshonaji akaishusha mashine hadi kumi na nane. Nje ilianza kuunguruma kwa sauti nzito, na ikaendelea hivyo usiku na mchana.

Alhamisi simu ililia. "Mama, mabomba yamefika," Fundi alisema. "Nije kesho? Nitaizima kutwa nzima, si zaidi. Jioni itakuwa paani."

Kutwa nzima. Mshonaji alisimama katikati ya chumba na simu sikioni. Mwokaji alikuwa anasoma gazeti kwa sauti, anamcheka mwandishi. Akaiwazia mito mitatu, na ule mdomo wazi. Akalitazama pia dirisha, na ng'ambo ya kioo blanketi lilikuwa palepale.

"Njoo wiki ijayo," alisema. "Joto likipungua."

Jumamosi saa nane mchana mlango uligongwa. Alikuwa Mama Pacha, na hakuwa amekuja na chochote mkononi, wala hakukaa.

"Mama ametutoka," alisema. "Nilimwekea kitambaa cha maji kichwani, nikaenda kujaza ndoo. Nimerudi, ameshakwenda."

Mshonaji alimshika mikono.

"Jirani, nimekuja kuomba. Kaka yangu yuko njiani, hafiki kabla ya magharibi. Nimepiga simu ya gari la kuchukua maiti, wanasema zamu yetu ni jioni, joto limeua wengi. Na kule chumbani kwetu mtu hawezi kukaa saa zote hizo. Naomba tumlaze kwako kwenye ubaridi mpaka gari lifike."

Ndipo Mshonaji alipoingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu mashine ifungwe. Joto lilimpokea mlangoni, likambana kifua. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimesukumwa hadi kona ya mbali kabisa na dirisha, pembeni ndoo mbili na vitambaa vimeanikwa kwenye ubavu wa kiti. Aliinua blanketi ili afungue dirisha, akashika komeo, akaliachia. Lilimuunguza vidole.

Wanaume wanne wa mtaani walimbeba Bibi kwa godoro lake, wakazunguka kichochoro, wakamwingiza. Mwokaji alikuwa ameshaamka kitandani mwenyewe, amekaa kwenye kiti karibu na mlango akiwa na suruali yake. Walimlaza Bibi mahali pake, chini ya upepo baridi. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Wanaume wakatoka, wakabaki watu watatu na maiti.

"Nilidhani amenikasirikia," Mwokaji alisema. "Siku nane hakuniita."

Mshonaji hakuweza kuvumilia. "Ungesema, jirani. Ungegonga hata ukuta."

Mama Pacha alikuwa anamnyoosha mama yake vidole, kimoja kimoja. "Ningesemaje? Uliponiuliza nilikuwa namsikia Mzee anavyohema. Halafu Mama mwenyewe alinikataza. Nilitaka kuja Jumatano, mashine ilipoanza kuunguruma vile, akanishika nguo. Kila asubuhi alikuwa anaitegea sikio. Akiisikia inafanya kazi anasema, 'Mwokaji yumo.' Halafu ndiyo anakubali kunywa chai."

Mwokaji alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa vilivyoungua miaka mingi tanurini. Alilia kwa muda mrefu, na pumzi yake ilimtosha kulia. Alipomaliza alimgeukia mkewe.

"Fundi alisema mabomba ya paani yanakuja lini?"

"Alhamisi."

"Juzi?"

"Juzi."

"Hayakuja?"

Mama Pacha aliacha kunyoosha vidole. Mshonaji angeweza kusema hapana. Fundi hakuwepo, na neno lenyewe ni jepesi. Lakini Bibi alikuwa amelala pale, na vipele vimemjaa shingo.

"Yalikuja," alisema. "Alinipigia. Nikamwambia wiki ijayo."

Mwokaji alitazama sakafu. Mama Pacha alivuta shuka hadi kidevuni mwa mama yake, akalilainisha pande zote mbili kama mtu anayemtandikia mtoto, na alipoongea sauti yake ilikuwa ile ile ya bombani, ya mtu asiyependa kusumbua.

"Gari litachelewa," alisema. "Naomba umwongezee baridi kidogo."

Mshonaji alichukua rimoti, akaishusha hadi kumi na sita. Nje mashine ikaunguruma, ikaendelea kulipulizia dirisha la chumba kitupu hadi jua lilipozama.