Chenga za Bi Siti

Nassibu alikuwa na mashine ya kusaga pale Kariakoo, na mdomo wake ulipiga kelele kuliko mashine yenyewe. Aliwatania wateja wote, ila kwa Bi Siti alikuwa na heshima. Mama huyo alipepeta mahindi ya watu mlangoni, na ujira wake ulikuwa chenga zinazobaki kwenye ungo. Alizifunga kwenye pindo la kanga akawapikie wajukuu, na hakuwahi kuacha hata kiganja.

Mwaka wa sabini na nne unga uliadimika mjini. Mektilda wa Ilala alipoingia na gunia zima, foleni yote iligeuka. Alisema kaka yake amelitoa kwenye kijiji cha ujamaa, na watoto wake wanne hawajaonja ugali siku ya pili sasa.

Bi Siti alipepeta kidogo, akasita. Aliokota punje, akaibandua kitako, pale inaposhikana na gunzi, kwa ukucha. Ndani palikuwa pekundu.

"Mwanangu, hii ni mbegu ya kupanda," alisema. "Imetiwa dawa."

Mektilda wala hakukataa. Mahindi yalikuja mekundu, akayaosha maji matatu mpaka yakatakata, na alilisema hilo kwa fahari kabisa. Watu wakamuunga mkono: rangi imetoka, sumu gani tena? Hata Nassibu, aibu yake hiyo, alishaweka mkono kwenye swichi.

Bi Siti aliwaeleza kwamba dawa ile ina zebaki. Rangi ni ya kuonya tu. Maji huondoa onyo, zebaki ikabaki. Dada yake alikula mahindi ya namna hiyo, mikono ikaanza kutetemeka, kisha macho yakapofuka. Watu wakaguna.

Basi hakubishana. Chenga za mahindi yale zilikuwa zimeshabaki kwenye ungo, na Nassibu alijua nyumbani kwa Bi Siti hakujapikwa tangu jana. Akazimimina zote gunioni, akakung'uta kanga, akaketi na pindo tupu.

Nassibu akaondoa mkono kwenye swichi, moyo umemjaa. Hakuwahi kumwona mtu mkubwa kama yule. Mektilda akalia.

Ndipo kila mmoja kwenye foleni akamchangia Mektilda kiganja cha mahindi yake. Bi Siti akayapepeta taratibu, akaonja punje moja, akazifunga chenga kwenye kanga. Mektilda alipoliona lile fundo, akampa Nassibu mahindi hayo ya mchango asage.