Ndoo Nyuma ya Duka

Waliingia dukani watatu, na hakuna aliyekuwa anamsemesha mwenzake. Mbele alitangulia mzee, mkongojo mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia kama kitu alichoazimwa. Nyuma yake alikuja binti yake, ambaye nyumbani walimwita Profesa. Hakuwa profesa. Alikuwa mpimaji katika maabara ya mamlaka ya maji, na jina hilo alibandikwa na mdogo wake siku alipomsahihisha mbele ya wageni. Mwisho aliingia huyo mdogo wake, Bonge, mwenye mwili wa kuziba mlango. Aliuziba kweli, duka likaingia giza mpaka alipopita.

Bonge ndiye aliyevunja fimbo ya kuvulia ya mzee. Kiharusi kilimkuta mzee bwawani, na zana zake zikabaki kwenye buti la gari la mwanawe. Siku ya kumtoa hospitali Bonge alitupa mabegi juu ya zana hizo, akabamiza mlango wa buti bila kuangalia. Fimbo ilikatika vipande viwili, na rili, ile mashine ndogo ya kukunja mshipi, ikapasuka. Mzee, ambaye tangu alazwe alikuwa hajatamka neno la kueleweka, alitamka moja safi kabisa.

"Mpumbavu."

Daktari wa mazoezi alikuwa amesema bila kuzunguka: vidole vya kulia bado vina nguvu ya kubana, ila visipopewa kazi sasa vitasahau, na vikishasahau ndiyo basi. Akampa mzee mpira wa kuminya. Mzee akaurusha dirishani kwa mkono wa kushoto. Akaletewa wa pili, akampa mbwa wa jirani. "Mipira chezeeni nyinyi," alisema. "Mimi nirudishieni fimbo yangu." Tangu hapo mkono ule ulikuwa unakaa mapajani kutwa, na kila Profesa alipokwenda kumwona, aliukuta umelegea kuliko alivyouacha.

Ndiyo maana walikuwa dukani. Mzee asipotoka na fimbo atakayokubali kuishika, mkono umekwenda.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, sura ya mtu aliyeamshwa usingizini na hajasamehe. Ukutani nyuma yake palikuwa na kibao: UKIVUNJA NI YAKO. Alimsogezea mzee kigoda, mzee akakaa bila asante, na yeye hakuonekana kuingoja.

"Mama, hebu fungua hapa," Bonge alisema, akigonga kabati la kioo.

"Usifungue," alisema Profesa. "Hizo ni za mashindano. Ngumu kama antena. Baba anavua kambare na perege wa maji baridi, havui papa."

"Dada, sijakuuliza. Nataka kumnunulia baba kitu cha maana."

"Unataka kununua msamaha. Humo kabatini haumo."

Mwenye duka alifungua kabati, akampa fimbo nyeusi yenye rili inayometameta, kisha akamgeukia Profesa kuona na yeye atasema nini.

Profesa alikuwa ameshafika upande wa pili, kwenye zile za bei ya chini, zilizofungwa na rili zake ndani ya plastiki moja. Aligusa pete ya kwanza ya kupitishia mshipi kwa ukucha, ikacheza. Alizungusha hendeli ya rili, ikatoa mlio wa kusaga mahindi. Akairudisha. Kwenye rafu ya katikati alikaa muda mrefu zaidi. Alipinda fimbo moja baada ya nyingine kwa kuegemeza ncha yake kwenye dari, akitazama inapoanzia kupinda. Aliyoichagua ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani, nyuzi za kioo zilizochanganywa na kaboni, laini nchani na imara chini, mpini mnene wa kizibo, kama kile cha chupa ya mvinyo, ambao mkono dhaifu ungeweza kuuzunguka. Rili yake ilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto, ilizunguka kimya, na hendeli yake ilikuwa ya kufunguka, unaifunga kulia au kushoto upendavyo.

Hilo la mwisho ndilo alilokuwa akilitafuta. Mkono wa kulia wa mzee unabana tu, hauwezi kuzungusha. Basi wa kulia ushike fimbo, wa kushoto uzungushe. Alikuwa amelipigia hesabu jambo hili tangu juzi na hakuona pa kulipinga.

"Mnavyochagua, mtu atadhani mnanunua jeneza," mzee alisema kutoka kigodani. "Nipimeni urefu basi."

Profesa aliipachika rili kwenye fimbo, akaishika mbele yake, rili ikiwa juu kama kuku aliyetua kwenye kamba ya nguo.

"Hendeli niwekee kushoto," alimwambia mwenye duka.

"Kushoto ukiwa umeishika hivyo?"

"Sasa nitaishikaje? Kwa meno?"

Mwenye duka alivaa miwani. Alimtazama Profesa, akamtazama Bonge, ambaye naye alikuwa akipunga ile fimbo yake ya kabatini, rili juu vilevile.

"Nyinyi ni tumbo moja," alisema.

"Linakuhusu nini?" Bonge akauliza.

"Halinihusu. Mimi nafunga hendeli." Akaifunga alipoambiwa.

Duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Hakuna fimbo iliyotoka kabla mnunuzi hajavuta ndoo. Nyuma palikuwa na ujia wa saruji kati ya kuta mbili, laini kwa kuburuzwa miaka mingi. Mwenye duka alitia maji kidogo kwenye ndoo ndogo, akafunga mshipi kwenye mshikio wa ndoo, akaipeleka hadi mwisho wa ujia. Ukiweza kuileta mpaka miguuni pako, fimbo ni ya kwako. Ukishindwa, usije kesho ukasema umeuziwa mbovu.

Mzee aliegemeza mgongo ukutani, mkongojo akaufungia kwapani. Profesa alimkunja vidole vya kulia kwenye mpini wa kizibo, kimoja kimoja, na mzee alimwachia afanye huku akiangalia pembeni kama mtu anayenyolewa na asiyempenda. Rili ilikaa juu, mahali ilipokaa maisha yao yote. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye hendeli, akaanza kuizungusha kuja upande wake. Mshipi ukanyooka, fimbo ikapinda vizuri pale pale Profesa alipotaka ipinde. Ndoo ikasogea.

Kisha uzito ukaingia. Fimbo ilianza kujiviringisha kwenye kiganja cha mzee, taratibu, kama inayogeuka kitandani. Mzee alibana. Haikutosha. Pete zikavutwa chini na mshipi, rili ikapinduka, ikaning'inia chini ya fimbo, na hendeli ikahamia kulia. Mkono wa kushoto wa mzee ulibaki hewani unazungusha hewa.

Bonge akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakikamata, na alipokikamata kilikuwa kimeshafika kwa mzee.

"Cheka," mzee alisema. "Uvunje na hii."

"Baba, sikukusudia…"

"Hukukusudia na buti."

Mwenye duka alikuwa ameegemea fremu ya mlango, mikono kifuani. "Iache hivyo hivyo, mzee. Sasa ndiyo imekaa inavyotakiwa. Mlikuwa mmeipindua tangu mnaingia, wote watatu. Rili ya namna hii hukaa chini."

Profesa aliitazama fimbo iliyokuwa ikining'inia. Mshipi ulikuwa unatoka kwenye rili moja kwa moja kuingia pete kubwa, bila kukwaruza popote. Uzito wote ulikuwa chini, mahali ambapo hauhitaji mtu kuushikilia usianguke. Ilikuwa wazi kama namba kwenye kipimo. Mzee alijifundisha mwenyewe kuvua, akawafundisha wao, na mkono wake wenye nguvu ukawa unaishikilia rili juu kwa miaka yote hiyo bila kujua kwamba unafanya kazi isiyo na sababu.

"Mama anatania," Bonge alisema haraka. "Baba, hizi ni za kisasa, ndiyo maana. Wamebadilisha. Zile zako za zamani zilikuwa za juu."

Mzee hakumtazama. Alimgeukia binti yake.

"Wewe. Hujawahi kunibembeleza tangu uzaliwe. Sema."

Bonge alimkazia dada yake macho, akitikisa kichwa kidogo: usithubutu. Profesa aliona mbele yake mambo mawili. Mpira ukiruka dirishani, na fimbo hii ikiufuata, ikigonga saruji, mkono ukirudi mapajani na kubaki huko. Alijua pia kwamba uongo wa Bonge ungedumu hadi siku ya kwanza bwawani, mvuvi wa pembeni atakapofungua mdomo.

"Si za kisasa, baba. Zote ziko hivi. Tumekuwa tukizishika kichwa chini siku zote. Wewe, mimi na huyu."

"Shetani wewe!" Bonge akafoka. "Huna hata haya? Mgonjwa huyu!"

"Nani mgonjwa?" mzee akauliza.

Bonge akanywea.

Uso wa mzee ulikuwa umevimba kwa damu. Profesa alimwangalia vidole, si uso. Vilikuwa bado vimezunguka kizibo.

"Yule kambare aliyeshindwa kuingia kwenye sufuria," mzee alisema polepole, "tukamkatia uani. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Alijua kama nimeshika kichwa chini?"

"Hapana, baba."

"Alilalamika?"

"Hapana."

"Basi funga mdomo wako, na uhamishe hilo dude lije kushoto. Na wewe mama, usinikodolee macho. Hukuwahi kuona mtu akivua?"

"Nimeona wengi," alisema mwenye duka. "Wakishika vizuri."

"Kelele!"

Profesa alifungua hendeli, akaihamishia upande wa pili, akakaza. Nusu dakika haikufika. Mzee alikamata, akazungusha kuja kwake kama alivyozoea. Haikwenda.

"Imekwama! Mnaniuzia takataka!"

"Zungusha kwenda mbele, baba."

Alitukana kitu fulani kuhusu mama wa aliyeibuni, akazungusha kwenda mbele. Ndoo ikaja. Iliburuzika, ikasimama, mzee akanyanyua fimbo na kuishusha, akakunja, ikaja tena. Rili ilining'inia kimya mahali pake. Hasira ilikuwa imemshuka hadi mkononi: mafundo ya vidole vya kulia yalikuwa yamekuwa meupe, na gumba, ambalo halijasogea tangu hospitali, lilikuwa limepanda juu ya kizibo na kukikandamiza. Profesa aliliona na hakulisema.

Ndoo ilifika kwa kishindo, ikapiga kiatu cha Bonge na kummwagia maji hadi kwenye soksi. Bonge alitazama chini, hakusogeza mguu.

"Hii," mzee alisema.

Mwenye duka alikata mshipi. "Niifunge kwenye gazeti?"

"Usiiguse."

Walitoka kama walivyoingia, bila kusemeshana. Mkongojo ulikuwa umeuchukua mkono wa kushoto, na mzee alikataa kumpa mtu yeyote mzigo wake, kwa hiyo fimbo ilikaa kwenye mkono uliobaki. Ncha yake iligonga fremu ya mlango, iligonga kibao cha ukutani, iligonga nguzo ya taa barabarani, lakini haikuanguka.

Kwenye gari Bonge alitangulia, akainama kufungua buti.

"Toka kwenye huo mlango," mzee alisema.

Alikaa kiti cha mbele, dirisha limeshushwa, nusu ya fimbo ikitokeza nje barabarani, akiishikilia mwenyewe njia nzima.